Somo la Redio: Mchoraji na Filimbi ya Ajabu

Maneno ya somo hili yamepigwa chapa kama yalivyosomwa redioni, ili wanafunzi wa darasa la kisomo wayasome tena kwa pamoja.

Aliye karibu na redio na aongeze sauti kidogo. Aliye na daftari na afungue ukurasa mpya. Leo nina ombi moja zaidi: wekeni taa au kandili mbali kidogo na ukuta mweupe. Msiulize kwa nini. Tutaihitaji mwisho wa somo.

Somo la leo ni juu ya hamu. Kila mtu anaijua hamu. Mmoja ana hamu ya kufika Makka. Mwingine ana hamu ya kumwona mjukuu aliyezaliwa mji wa mbali. Mimi mwalimu wenu nina hamu yangu pia, na leo nitaitaja bila kuona haya. Natamani kuona mchezo mmoja wa kuimba, uliowekwa jukwaani na mchoraji wa Afrika Kusini aitwaye William Kentridge. Nimeona picha za mchezo huo. Nimesoma habari zake. Nimesikia muziki wake. Lakini kukaa kitini, taa zikazimwa, muziki ukaanza, nami nikaona kwa macho yangu, bado sijajaliwa.

Huenda mmoja wenu anasema, "Mwalimu, ya nini kutufundisha kutamani kitu kilicho mbali?" Swali hilo ni zuri, na kuuliza si ujinga. Lishike swali lako. Nitalijibu, lakini sharti kwanza tujue mambo manne: opera ni nini, hadithi yenyewe inasema nini, mchoraji huyu ni nani, na alifanya nini.

OPERA NI NINI?

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu wake huimba. Ninyi mnaijua taarabu. Katika taarabu, mwimbaji husimama mbele ya watu akaimba shairi, na vyombo vikamfuata. Katika opera pia kuna waimbaji na vyombo vingi. Tofauti ni kwamba kila mwimbaji amekuwa mtu wa hadithi. Huyu ni mfalme, yule ni mtumishi, huyu amependa, yule ana kisasi. Wanagombana kwa kuimba, wanapatana kwa kuimba, na mara nyingine hufa wakiimba.

Kwa hiyo opera huhitaji mafundi wengi. Yuko aliyetunga muziki. Yuko aliyeandika maneno. Wako waimbaji na wapiga vyombo. Tena yuko mtu anayeamua jinsi mambo yatakavyoonekana jukwaani: mfalme asimame wapi, nyuma yake pawe na mlima au nyumba, mwanga uwe mkali au hafifu. Muziki ukisha kutungwa hukaa ulivyo. Lakini kila anayeuweka jukwaani anaweza kuuonyesha kwa namna yake. Hapo ndipo mchoraji wetu alipoingia.

HADITHI YA FILIMBI

Opera ninayoisema huitwa kwa Kiswahili Filimbi ya Ajabu. Muziki wake ulitungwa na Wolfgang Amadeus Mozart, na maneno yaliandikwa na Emanuel Schikaneder. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika mji wa Vienna tarehe 30 Septemba 1791. Mozart alikuwa na umri wa miaka 35. Tarehe 5 Desemba mwaka ule ule alifariki.

Hadithi ni hii. Kijana wa kifalme, jina lake Tamino, anakimbizwa na nyoka mkubwa. Anazimia. Mabibi watatu wanamwua nyoka. Mabibi hao ni watumishi wa Malkia wa Usiku. Tamino akizindukana, anamwona Papageno, mtega ndege, mtu mcheshi na mwoga. Papageno anajisifu kwamba yeye ndiye aliyemwua nyoka. Kwa uongo huo mabibi wanamtia kufuli mdomoni.

Kisha Tamino anapewa picha ya msichana aitwaye Pamina, binti wa Malkia. Tazama sasa, ndugu: hajamwona Pamina, ameona picha yake tu. Lakini moyo unamtoka. Kwa ajili ya picha anakubali kwenda safari ya hatari. Anaambiwa kwamba Pamina amechukuliwa na mtu mwovu, jina lake Sarastro. Anapewa filimbi yenye nguvu ya ajabu imlinde njiani.

Anapofika kwa Sarastro, Tamino anaona kwamba mambo si kama alivyoambiwa. Sarastro anatajwa kuwa mtu wa hekima na mwanga. Malkia ndiye anayetaka kisasi, hata anampa binti yake kisu ili amwue Sarastro. Tamino anatiwa katika majaribu. Anaamriwa kunyamaza, kisha yeye na Pamina wanapita katika moto na maji, filimbi ikilia. Mwishoni Malkia anashindwa, usiku unatoweka, mwanga unashinda. Papageno naye anapata mke wa kufanana naye, Papagena.

Ni hadithi ya kufurahisha, na watoto huipenda. Lakini ndani yake mna swali: Je, kila anayesema "mimi ni mwanga" ni mwanga kweli? Hilo ndilo swali alilolishika Kentridge.

MCHORAJI NI NANI?

William Kentridge alizaliwa Johannesburg mwaka 1955. Baba yake na mama yake walikuwa wanasheria, na wote wawili walijulikana kwa kuwatetea watu walioonewa na sheria za ubaguzi.

Tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Sharpeville kupinga sheria ya pasi. Kwa hesabu iliyotolewa na serikali, watu 69 waliuawa. Baba wa Kentridge alikuwa miongoni mwa wanasheria walioshughulika na kesi ya jambo hilo. Siku moja mtoto William, mwenye umri wa miaka sita hivi, aliingia katika chumba cha kazi cha baba yake. Aliona sanduku la rangi ya manjano mezani. Alidhani lina chakuleti. Akalifungua. Ndani mlikuwa na picha za watu waliopigwa risasi. Kentridge amelisimulia jambo hilo mara nyingi alipokuwa mtu mzima. Tangu utotoni alijua kwamba picha inaweza kukaa kimya ndani ya sanduku, na siku likifunguliwa ikasema mambo ambayo wakubwa hawakuyasema.

Alipokua alisoma siasa na mambo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kisha akajifunza uchoraji, na baadaye akaenda Paris kujifunza uigizaji. Mwenyewe husema hakuwa mwigizaji hodari. Akarudi kwenye karatasi yake. Lakini elimu ya jukwaa haikupotea, kama mtakavyoona.

JINSI PICHA INAVYOTEMBEA

Kentridge huchora kwa makaa. Ndiyo, makaa ya mti uliochomwa, ndugu yake kaa la jikoni. Anabandika karatasi kubwa ukutani. Upande wa pili wa chumba anasimamisha kamera ya sinema. Anachora kidogo, anakwenda kwenye kamera, anapiga picha. Anarudi kwenye karatasi, anafuta kidogo, anachora tena, anakwenda tena kupiga picha. Anafanya hivyo siku nyingi, akitembea kutoka ukutani mpaka kwenye kamera na kurudi. Picha hizo zikionyeshwa kwa upesi moja baada ya nyingine, mchoro unatembea. Mtu anainua mkono. Ndege anaruka.

Tufanye hesabu kidogo. Sinema huonyesha picha 24 kwa nukta moja. Kama mchoraji anapiga picha mbili kila anapobadili mchoro wake, atahitaji kuubadili mara 12 ili apate sinema ya nukta moja. Kwa dakika moja ataubadili mara ngapi? Zidisha 12 kwa 60. Jibu ni mara 720. Ndiyo maana kazi hii hutaka subira.

Sasa sikia jambo lililo kubwa kuliko hesabu. Makaa hayafutiki kabisa. Ukifuta, karatasi inabaki na doa la kijivu. Wachoraji wengi wangelichukia doa hilo. Kentridge aliliacha. Katika sinema zake, mtu anapotembea, nyuma yake unaona vivuli vya mahali alipokuwa kwanza. Kilichofutwa kinaacha alama. Mtu wa nchi yenye mambo mengi yaliyofutwa vitabuni anafahamu maana yake mara moja.

FILIMBI JUKWAANI

Kabla ya kuishika opera nzima, Kentridge alijifunza kwa vitu vidogo. Alitengeneza jukwaa dogo la mfano ili ajaribu michoro yake. Mwaka 2003 alifanya sinema fupi ya mazoezi, ikionyeshwa juu ya ubao mweusi, kama ubao wenu hapo darasani, mistari myeupe ikijichora na kujifuta. Nawaambia hili ili msidhani kwamba mafundi wakubwa huanza na mambo makubwa.

Mwaka 2005 Filimbi yake ilionyeshwa katika jumba la opera la La Monnaie, mjini Brussels, Ubelgiji. Baadaye ilikwenda miji mingine, na mwaka 2007 ilionyeshwa New York. Mwaka huo huo ilifika Cape Town na Johannesburg, nyumbani kwa mchoraji.

Aliionyeshaje? Aliliwaza jukwaa kama tumbo la kamera, zile kamera kubwa za zamani zenye mikunjo, ambazo mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi ili atazame. Mnajua kwamba katika filamu ya kamera ya namna hiyo, picha hutokea kwanza kinyume. Penye weusi huonekana weupe, na penye weupe huonekana weusi. Kisha huchapwa kwenye karatasi, na kila rangi hurudi mahali pake. Kentridge aliona kwamba Malkia wa Usiku na Sarastro ni kama pande mbili hizo za picha moja. Huwezi kuipata ya karatasi pasipo ile ya giza. Basi jukwaani michoro yake ilipita juu ya mapazia na juu ya waimbaji wenyewe, mistari myeupe juu ya weusi, na waimbaji wakiigiza kama wanaoichora au kuishika mistari hiyo.

Nguo na vitu vya jukwaani ni vya karne ya 19, zama ambazo Wazungu wengi walikuja Afrika na bunduki, kamera na vitabu, wakisema wanaleta mwanga. Hapo ndipo swali la hadithi linapouma. Wakati mmoja Tamino anapiga filimbi yake, na kifaru aliyechorwa anacheza ngoma kwa furaha. Watu hucheka. Baadaye Sarastro anaimba wimbo wake wa upole, akisema kwamba katika nyumba yake takatifu hakuna kisasi. Sauti ni nzito na tamu. Lakini nyuma yake inaonyeshwa sinema ya zamani ya wawindaji, na kifaru wa kweli anapigwa risasi, anaanguka, anakufa.

Kentridge hakubadili noti hata moja ya wimbo wa Mozart. Ameweka picha tu. Masikio yanasikia upole, macho yanaona mauaji. Mtazamaji ndiye anayeachiwa kuamua. Mchoraji mwenyewe ameeleza kwamba anamwogopa mtu mwenye hakika kwamba ni mwema, naye akawa na nguvu zote mkononi mwake.

KWA NINI NINATAMANI?

Sasa nirudie swali lako. Ya nini kutamani?

Kwanza, kwa sababu mchezo wa jukwaani si kama mchoro wa ukutani. Mchoro hukungoja. Ukikosa kuuona mwaka huu, utauona mwaka ujao. Mchezo ukisha, umekwisha. Waimbaji huvua nguo za hadithi, mapazia hukunjwa, watu huenda zao. Ni kweli kwamba Filimbi hii ilipigwa sinema katika jumba la La Scala, mjini Milan, mwaka 2011, na sinema ni msaada mkubwa kwa sisi wa mbali. Lakini katika sinema, mpiga picha ndiye anayekuchagulia cha kutazama. Akitaka uone uso wa mwimbaji, utauona uso, na kifaru atakupita. Ukiwa ndani ya jumba, macho ni yako, na macho hayana pazia.

Pili, na hili ndilo lililo moyoni mwangu, kwa sababu mchoraji huyu ameweka jukwaani pia habari zinazotuhusu sisi wenyewe. Wote mnalijua jina Kariakoo, mtaa na soko la Dar es Salaam. Jina hilo lilitoka wapi? Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipopigana Afrika ya Mashariki, palikuwa na njia chache za magari. Chakula, risasi na dawa vilichukuliwa vichwani mwa watu. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo, na Nairobi likawa Kariokor. Wapagazi hao walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya wengi hayakuandikwa mahali popote.

Mwaka 2018, miaka 100 tangu vita ile kwisha, Kentridge na watunga muziki Philip Miller na Thuthuka Sibisi waliweka habari hiyo jukwaani. Mchezo wao ulionyeshwa katika jumba la Tate Modern, London, na baadaye New York. Mwaka 2023 ulionyeshwa Johannesburg. Jina lake limetokana na methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ni taabu ya shingo. Ndani yake watu wanapita kwa mstari mrefu wakiwa wamebeba vitu vichwani na mabegani, na taa inatupa vivuli vyao ukutani, vikubwa kuliko wao wenyewe.

Fikiri, ndugu. Wajukuu na vitukuu vya wapagazi wako Kigoma, Tabora, Machakos, Kisumu. Ni wangapi walioweza kufika London kuvitazama vivuli vya babu zao? Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini mimi nasema, asiyekuwapo na aulize, ili lake liwepo. Hamu ya kuona habari yako mwenyewe si anasa. Ni haki ya mtu anayetaka kujua alikotoka. Tamino aliianza safari yake kwa picha tu. Sisi nasi tuna picha.

NAMNA YA KUKIKARIBIA KILICHO MBALI

Tufanye nini basi, sisi tusio na nauli ya ndege?

Kwanza, ijue hadithi. Leo umekwisha kuijua hadithi ya Filimbi. Ukiisikia siku yoyote, hutakuwa mgeni.

Pili, usikie muziki. Msikilize Malkia wa Usiku anapokasirika, jinsi sauti inavyopanda juu kama ndege aliyeshtuka. Kisha msikilize Sarastro anavyoshuka chini taratibu. Nani kati yao anakushawishi zaidi? Jiulize kwa nini.

Tatu, tafuta kilicho karibu nawe kilicho cha jamaa ile ile. Kama kijijini kwako yuko mzee ambaye baba yake au babu yake alikuwa mpagazi, kaa naye. Andika anayoyasimulia, maana sasa unajua kuandika. Daftari lako nalo litakuwa karatasi ambayo kilichofutwa kimeacha alama.

Nne, washeni taa ile niliyowaombeni. Zimeni taa nyingine. Mmoja wenu na asimame kati ya taa na ukuta, abebe kikapu au mtungi kichwani, atembee pole pole. Wengine mtazame ukutani, si mtu mwenyewe. Akiisogelea taa, kivuli kinakuwa kikubwa. Akiukaribia ukuta, kinakuwa kidogo. Sasa watu watatu wafuatane. Mmoja aimbe wimbo wowote wa kazi anaoujua. Tazameni kimya kwa dakika moja.

Hayo mnayoyaona ndiyo mwanzo wa kazi ya Kentridge: mwanga, mtu, ukuta na wimbo. Hakuna hata kimoja ambacho hamna. Kuiona Filimbi yenyewe bado natamani, na siku nikijaliwa nitawasimulia. Lakini nitakapokaa katika kiti kile, nitakuwa nimekwisha kujizoeza kutazama.

MANENO YA LEO

Opera: mchezo wa kuigiza ambao watu wake huimba.
Jukwaa: mahali palipoinuliwa pa kuchezea mchezo.
Mpagazi: mtu anayechukua mizigo kwa safari.
Majaribu: mambo magumu ya kumpima mtu.
Kuzindukana: kupata fahamu tena baada ya kuzimia.

MASWALI

1. Taarabu na opera zinafanana katika nini? Zinatofautiana katika nini?
2. Tamino aliona nini kabla ya kumwona Pamina?
3. Kwa nini Kentridge hakuyaondoa madoa ya makaa?
4. Sarastro anaimba juu ya upole huku kifaru anauawa. Wewe unafahamu nini kwa jambo hilo? Zungumzeni darasani.
5. Hesabu: kama mchoraji anaubadili mchoro mara 720 kwa sinema ya dakika moja, ataubadili mara ngapi kwa dakika 8?
6. Andika sentensi tano juu ya kitu unachotamani kukiona, na jinsi utakavyokikaribia.

Leteni majibu yenu kwa mwalimu wa darasa kabla ya somo lijalo. Msiizime taa upesi. Waacheni watoto nao wacheze vivuli. Kwaherini, ndugu wanafunzi.